Mnyamwezi wa Mama

Habari kwamba anaumwa niliipata sokoni, kwenye simu ya muuza nyanya wangu. Alikuwa ameacha kupanga mafungu, ameinamia kioo kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. "Mwalimu, umemwona mzee wetu?" akaniuliza, akanigeuzia simu. Alikuwa yeye kweli, yule mwigizaji wa tamthilia za runinga, kitandani, mashavu yameingia ndani, na ile kofia yake ya pama imewekwa juu ya mto pembeni ya kichwa. Familia ilikuwa imeandika kwamba ana uvimbe kwenye figo, kwamba amelazwa Dar es Salaam, kwamba wanaomba dua zetu.

Niliondoka bila nyanya. Njia nzima ya kurudi Mafiga, hapa Morogoro, nilikuwa nawaza jambo moja tu: mama nitamwambiaje?

Inabidi nieleze, maana mtu anaweza kudhani ni mambo ya ushabiki wa kawaida. Mimi mwenyewe si mtu wa kufuatilia maisha ya wasanii. Nafundisha shule ya msingi, na nikitoka huko masikio yangu yanakuwa yamekwisha kazi. Lakini huyu mzee alinifanyia jambo ambalo ndugu zangu wote, na mimi mwenyewe, tulishindwa kulifanya, tena alilifanya bila kujua.

Baba alipofariki, mama alikaa eda kule kwetu mlimani, upande wa Matombo, na alipoimaliza nikamleta mjini akae nami. Watu wa kwetu wanamfahamu mama kwa mdomo. Alikuwa akishuka na ndizi gulioni, wanunuzi wengine walikuwa wanamfuata wasikie tu anavyowasema, ndizi zenyewe wananunua kama kulipa kiingilio. Huyo ndiye mama niliyemtarajia. Aliyeshuka kwenye gari alikuwa mtu mwingine. Alikula, akaswali, akajibu alipoulizwa, basi. Nilimletea shangazi zangu waje wamchangamshe, wakaishia kunong'ona jikoni. Nikamlimia bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, akaimwagilia vizuri sana na hakusema hata neno moja juu yake. Nilianza kuogopa. Baba nilikwisha kumzika, na sasa nilikuwa nakaa na mama aliyeelekea kuamua kumfuata polepole, bila kumsumbua mtu.

Jioni moja alikuwa sebuleni anachambua maharage, runinga inaongea peke yake. Ilikuwa tamthilia, na huyo mzee aliigiza baba mkwe mkorofi anayetembea na redio kwapani kila aendako. Mwanawe alikuwa amemletea habari kwamba amepata mchumba kutoka Morogoro. Mzee akashusha redio. "Mluguru?" akasema. "Umemkagua miguu? Wale mguu mmoja mfupi, mmoja mrefu, kwa kutembea ubavuni mwa mlima. Ukimleta huku kwenye tambarare atakuwa anazunguka tu, nyumbani hafiki."

Nikasikia sauti nyuma yangu. "Nyie miguu yenu imenyooka kwa kubebeshwa mizigo."

Niligeuka nikidhani tumepata mgeni. Alikuwa mama. Alikuwa amenyanyua uso, ungo uko mapajani, anamtazama yule mzee kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba. Mzee naye, kwa kuwa mchezo wenyewe uliandikwa hivyo, akajibu kitu kuhusu Waluguru na ndizi, na mama akamrudishia, na halafu akacheka. Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mimi nikaingia jikoni kujifanya natafuta kitu, nikasimama pale nikilia na mwiko mkononi.

Kwa asiyejua, Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mambo hayo ni ya zamani, tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo kutoka kwao kwenda pwani na kupita kwetu. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kwenye harusi yako atakucheka, na kwenye msiba wako atafanya vituko huku wengine wanalia, na hakuna wa kumfukuza kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Yule mzee alikuwa Mnyamwezi, si katika mchezo tu, hata kwao. Mama alipolijua hilo, habari ya kuigiza ikaisha. Kila jioni tamthilia ilipoanza alivuta kigoda karibu na runinga, akagombana naye mpaka mwisho. Asubuhi alikuwa akinisimulia yale ambayo angemjibu kama angewahi. Na mdomo ukisharudi, unarudi kwa wote. Akaanza kuwasema majirani, akausema mchicha wangu, akanisema mimi ninavyopika. Sijawahi kufurahi kusemwa kama nilivyofurahi mwaka ule. Nyumbani kwangu mama alikuwa anamwita "Mnyamwezi wangu", na sisi wengine tukawa tunasema Mnyamwezi wa mama.

Sasa Mnyamwezi wa mama alikuwa kitandani na uvimbe kwenye figo.

Nilimwambia baada ya swala ya magharibi, akiwa bado kwenye mkeka. Nikamwonyesha ile picha. Aliitazama muda mrefu, akauliza, "Kofia mbona wameivua?" Nikamwambia yuko hospitali. Hakusema kitu kingine usiku ule, na mimi nilijua ule ukimya, niliwahi kukaa nao nyumba moja. Sikulala vizuri. Niliogopa kwamba yule mzee akienda, nitampoteza na mama yangu kwa mara ya pili.

Asubuhi aliniita nimsomee watu wanasema nini. Nikasoma. Pole sana mzee wetu. Mungu akufanyie wepesi. Hatutakusahau. Ulituchekesha sana, ulikuwa hazina. Mama akaniwekea mkono kwenye simu.

"Ulikuwa?" akauliza. "Wameshamzika hawa?"

"Wanamwombea, mama."

"Mungu mimi nimemwomba alfajiri, amesikia. Sasa nataka kuongea na mgonjwa. Hiyo simu inachukua picha inayoongea?"

Nikamrekodi pale pale barazani. Alijifunga khanga vizuri, akakohoa, akaanza. Niliyasikiliza maneno yale mara nyingi sana baadaye, kwa hiyo nayaandika kama yalivyo.

"Wewe Mnyamwezi. Hapa anaongea Mluguru, niko Mafiga, lakini kwetu ni juu kule, kule unakokuchungulia kwenye dirisha la treni ukipita, unaogopa kushuka. Nasikia umelala chali unaugulia. Babu zako walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka kwenu mpaka baharini, kwa miguu. Wakapita hapa kwetu, tukawapa maji, wakanywa, wakaondoka wala hawakusema asante. Leo wewe mjukuu wao umeshindwa kubeba figo mbili? Figo zenyewe zinaenea kwenye kiganja. Hiyo aibu utaipeleka wapi? Sasa nisikilize. Usithubutu kufa. Ukifa mimi mtani wako ndiye nitakayeingia kaburini kulijaribu kama linakutosha, na mimi magoti yangu mabovu. Nikishuka, sipandi. Watatufukia wote wawili, na mimi sitaki kulazwa na Mnyamwezi, nitasikia anatafuna karanga mpaka kiyama. Kwa hiyo amka."

Akamaliza, akauliza, "Imeingia?" Nikamwambia imeingia. Akanyanyuka kwenda kumwagilia mchicha.

Mimi ni mwalimu, napenda kazi safi. Niliona video ni ndefu, nikakata mwanzo, zile salamu zake za Mafiga na milimani na dirisha la treni, ili watu waende moja kwa moja kwenye maneno yenyewe. Nikaiweka kwenye ukurasa wa familia ya mzee, nikaenda shule.

Mchana nilipofungua simu nilikuta watu wamewaka. Kizee gani hiki hakina huruma. Wachawi siku hizi wanajitangaza. Mtu anaumwa, yeye anaongelea kaburi. Mmoja alitaka serikali inichukulie hatua mimi niliyerekodi. Nikawaza mwalimu mkuu, nikawaza wazazi wa wanafunzi wangu, lakini zaidi nikamfikiria yule mzee pale kitandani akisikia maneno hayo kutoka kwa mtu asiyemjua. Tulitaka kumshika mkono, tukawa tumemtemea mate. Nilirudi nyumbani mbio, nikamweleza mama.

Mama aliomba asikilize ilivyotoka. Akasikiliza, akaniangalia.

"Mimi Mluguru iko wapi?"

"Nilikata, mama. Nilidhani ni salamu."

"Mwanangu, umekata kabila langu. Bila kabila hayo si matusi?"

Alikuwa amekasirika, tena vizuri, kwa sauti, akinitajia na ada za shule alizonilipia nikaenda kusoma mpaka nikajua kukata kabila la mama yangu. Mtani anajitaja kwanza. Mtoto yeyote aliyekulia kwetu anajua, nami nilijua, ila niliishi mjini mpaka nikaanza kuona kujitaja ni kupoteza muda. Nikaiweka video upya, nzima, na kikohozi chake.

Ndani ya muda mfupi watu wakageuka. Walianza Wanyamwezi wenyewe, wakimjibu mama kwa niaba ya mgonjwa, kwamba yale maji ya Uluguru yalikuwa na tope ndiyo maana hawakushukuru. Waluguru nao wakaingia. Mtu wa Ngerengere akaandika kwamba babu yake ndiye aliyewapa maji na kata ya kuchotea hawakuirudisha. Watu waliokuwa wanalia tangu juzi sasa walikuwa wanagombana kuhusu karanga. Nikamsomea mama mpaka sauti ikanikauka, na kila niliposoma jibu zuri alisema, "Huyo kalelewa."

Katikati ya hayo ukaja ujumbe wa faragha kutoka kwa binti wa mzee. Aliomba namba yangu. Nikampa, akapiga hapo hapo, akasema, "Dada, baba anaomba yule mama aongeze."

Ikawa ndiyo desturi. Mama alirekodi sauti, mimi nikatuma, na mzee akajibu alipopata nguvu. Majibu yake yalikuwa mafupi, pumzi zilimkatikia njiani, lakini mdomo ulikuwa mzima. "Mwambie huyo bibi asilete ndizi hospitali. Wagonjwa wana shida za kutosha." Mara moja binti yake alituambia kwamba mzee amegoma kula, amechoka, anasema wamwache. Mama akatuma maneno ambayo siyaandiki hapa, kuhusu Mnyamwezi kukataa chakula na jinsi habari hiyo itakavyopokelewa Tabora. Jioni binti akaandika kwamba amekunywa uji. Mama akasoma tasbihi yake mpaka isha. Hakuacha kumwombea hata siku moja, ila huko kuomba kulikuwa kati yake na Mungu, mzee hakupaswa kukujua.

Halafu madaktari wakaamua kuitoa ile figo yenye uvimbe. Siku ilipangwa, na siku hiyo ikaangukia wakati mama amepanda kwetu. Kulikuwa na mwali wa ukoo anatolewa ndani, na mama ndiye mkubwa wa upande huo, bila yeye ngoma haipigwi. Alikuwa ameondoka akijua operesheni ni ya wiki ya mbele. Ikasogezwa. Mchana wa siku ya kuamkia operesheni binti akanipigia, nami niko ofisi ya walimu na rundo la madaftari.

"Dada, mama yupo? Baba ana hofu. Hajasema, lakini namwona. Anauliza Mluguru kasema nini leo."

Nikampigia mama. Hapatikani. Kule juu mtandao unapatikana kwa kusimama karibu na shule ya kijiji na kunyoosha mkono, na siku ya ngoma nani atasimama huko? Nikapiga kwa mjomba, hapatikani. Nikapiga kwa mwenye duka, ikaita, hakuna aliyepokea. Nilizunguka uwanja wa shule na simu sikioni, wanafunzi wananitazama. Mwishowe nikampigia binti kumwambia samahani. Kabla sijamaliza, akasema, "Basi ongea naye wewe," na nikasikia simu inapelekwa, shuka zinachakarika, pumzi ya mtu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba."

Nilikuwa na maneno yangu. Niliyatunza muda mrefu, tangu ile jioni ya mwiko. Nilitaka kumwambia kwamba alinirudishia mama yangu. Kwamba alipoingia nyumbani kwangu na redio yake kwapani nilikuwa nimebakiza kidogo kukata tamaa, na kwamba sisi watazamaji ni watu wengi sana ambao hawatamjua kamwe, lakini mmoja wao anamshukuru kila akisikia mtu anacheka sebuleni. Yalikuwa maneno mazuri. Nilifungua mdomo, nikamsikia anavyopumua, nikajua kwamba siku ile alikuwa ameambiwa maneno mazuri na kila aliyeingia mlangoni, na kila neno zuri lilimwambia jambo lile lile. Mtu anayeshukuriwa sana siku ya kuamkia operesheni anaelewa kwamba anaagwa.

Mimi sijawahi kumtania mtu mzima maishani mwangu. Nimesomeshwa adabu, nikafundisha adabu. Nilijiona kama naiba.

"Mimi Mluguru," nikasema. "Mtoto wa yule Mluguru."

Akasubiri niendelee.

"Nasikia kesho wanakutoa figo moja. Nimefundisha historia miaka yote hii, nimewasoma Wanyamwezi wote. Wewe ndiye wa kwanza kuomba kupunguziwa mzigo."

Sikusikia kitu. Nikadhani nimemuua. Halafu ikaanza, kwa chini, kama gari la zamani linalotafuta moto asubuhi, na ikawaka. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka akakohoa, nikamsikia nesi anasema taratibu, baba, taratibu, na yeye anamwambia niache, mama, huyu Mluguru kanitukana. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa nyingine, ilikuwa ya kwenye runinga.

"Mwambie mama yako nimekubali amekuzaa mwenyewe, hakukuokota," akasema. "Mwambie na yale maji yake ya tope ayaweke tayari. Nikitoka hapa nitapita kunywa. Na nitaondoka bila kushukuru."

Nikarudi ofisini nikamaliza kusahihisha madaftari. Sikumbuki niliwapa alama gani wale watoto, nadhani wote walifaulu.

Operesheni ilikwenda salama. Binti alinitumia neno moja tu, "Ametoka", na mimi nikaketi chini kwenye ngazi za darasa nikamshukuru Mungu kwa sauti. Bado ana safari. Anakwenda kliniki, amekonda, kofia inamshukia machoni, na kuna siku za mashaka ambazo binti yake anapiga simu anaongea na mimi tu kwanza. Lakini yupo.

Mama aliposhuka kutoka kwenye ngoma, nilimwambia yote kabla hajatua mzigo. Alisimama na kikapu chake mlangoni.

"Ulijitaja kwanza?"

"Nilijitaja."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia. Akalifikiria kama mtu anayeonja mchuzi. "La kitoto," akasema, "ila lina chumvi." Halafu akacheka kile kicheko cha maharage, na safari hii sikukimbilia jikoni.

Kesho yake alikwenda sokoni peke yake, akarudi na mtungi mpya wa udongo na kata. Nyumbani tuna friji. Aliuweka mtungi sebuleni, kwenye kona ya kivuli karibu na mlango, akaufunika kwa kisahani, na akakataza mtu yeyote kuugusa, hata mimi mwenye nyumba. Kila asubuhi anamwaga maji ya jana kwenye mchicha na kuweka mapya. Mimi nami nimejiandaa. Siku mzee akivuka kizingiti nitamwambia asante, haraka sana, kabla yeye na mama hawajaanza utani.